Usukani Upande wa Kulia

Siku ya kwanza nilipoomba kazi Bariadi, mwenye yadi ya malori alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mume wangu na kumwuliza, "Sasa wewe umezoea gari gani?" Mume wangu akamweleza kwamba yeye ni fundi wa injini, haombi kitu; anayeomba udereva ni mkewe. Yule bwana akatutazama kwa zamu, akatabasamu kama mtu aliyetaniwa na watoto wa ndugu yake, akatuagizia soda. Soda tulikunywa. Kazi hatukupata.

Mimi nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ingawa ni Kiswahili chetu wenyewe: dereva tunamwita shoferi, lori tunaliita kamyo. Baba alikuwa shoferi wa kamyo yake mwenyewe. Macho yake yalipoanza kufifia hakutaka kuiuza wala kumkabidhi mtu baki, akanifundisha mimi, binti yake mkubwa. Majirani waliuliza nitaolewa na nani. Nikawa nabeba mchanga, matofali na mahindi, nikipanda na kushuka milima ya kwetu, na katika mlima mmojawapo ndipo nilipompata huyo wa kunioa. Alikuwa fundi anayesafiri na malori ya mizigo kutoka Dar es Salaam. Lori lao lilikuwa limeharibika, naye yuko chini yake, inaonekana miguu tu. Nikamwazima jeki. Kuirudisha kulimchukua muda mrefu, maana kila alipokuja nayo alikuwa na sababu mpya ya kuiazima tena.

Tulioana kwetu, tukakaa kwetu. Kisha baba mkwe akafariki, mama mkwe akabaki peke yake na shamba huko Ngulyati, na katika watoto wake wote mume wangu ndiye asiyekuwa na ajira ya kumfunga mbali. Hatukujadiliana sana. Kamyo nilimwachia mdogo wangu, nikaja Simiyu na mabegi mawili, leseni ya nchi nyingine, na pasi ya muda ya kunikalisha nchini wakati nasubiri kibali cha ukaazi.

Uhamiaji nilipokelewa na ofisa mmoja wa Tanga, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka nikawa naona haya kufungua mdomo mbele yake. Alinieleza kwamba kama mke wa Mtanzania nitaishi na mume wangu bila wasiwasi, karatasi zitafuata mkondo wake. Ila kazi ya mshahara ni jambo jingine. Hiyo ina kibali chake, na anayekiomba ni mwajiri. Nikarudi kwa wenye malori. Wao wakasema niende na kibali kwanza ndipo tuongee. Kwa hiyo mwajiri alitaka kibali, kibali kikataka mwajiri, nami niko katikati kama ng'ombe aliyeshikwa kamba na watu wawili wasiosemezana.

Nilizunguka yadi zote nilizoonyeshwa. Mmoja alisema wapakiaji wake hawatakubali kuamrishwa na mwanamke. Mwingine alinihurumia, akaahidi kwamba kibali kikitoka atanipa kazi ya kuwapikia madereva wake. Yupo ambaye mwanamke hakumsumbua hata kidogo, kilichomsumbua ni Burundi. Aliuliza nikitokomea na mzigo wake mpaka mpakani, nani atanifuata. Nilikuwa natoka nje namkuta mume wangu ameegemea baiskeli, ananitazama usoni, tunaanza kutembea.

Aliyeniogopesha zaidi ni yule aliyekubali hapo hapo. Alitaka nianze kesho yake, bila kibali, njia za vijijini tu ambako hakuna wa kuuliza. Sitadanganya, nilitamani. Mikono yangu ilikuwa imekaa muda mrefu bila usukani, nami nilianza kujiona mzigo katika nyumba ya watu. Nikaenda kwa yule ofisa wa Tanga, na bila kumtaja mtu nikamwuliza mgeni akifanya hivyo itakuwaje.

Aliweka kalamu chini.

"Dada yangu, utarudishwa kwenu," alisema, "na atakayekurudisha ni mimi. Tafadhali usinipe kazi hiyo. Tafuta mtu mmoja atakayekubali kukuombea. Mmoja tu anatosha."

Basi nikaenda shambani.

Mama mkwe hakuwa na Kiswahili kingi, nami sikuwa na Kisukuma hata cha kuombea maji. Asubuhi nilipiga goti kama nilivyofundishwa, nikasema "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, naye akaitikia kwa salamu ndefu iliyouliza habari za watu na mifugo, nami nikabaki natikisa kichwa. Katika siku hizo za mwanzo aliniagiza nimletee mabele. Kwetu neno linalofanana na hilo ni matiti. Nilisimama mlangoni na kibuyu mkononi, sijui niende wapi, mpaka mume wangu aliporudi akaniambia kwamba mama anataka maziwa tu. Mama mkwe alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa khanga, na nadhani urafiki wetu ulianzia hapo.

Tulipalilia pamba pamoja, tukapanda na choroko pembeni. Saa ya kupumzika tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga chini ya kibanda cha nyasi, naye ananifundisha majina: hili jembe, huyu ndama, lile wingu linaloleta mvua na lile linalopita tu. Ilipofika kuchuma, nilikuwa mchumaji mbovu kuliko wote. Vikonyo vilivyokauka vilinichoma vidole, na kila mara majani makavu yaliingia kwenye pamba yangu, mama anakuja nyuma yangu anayatoa bila kunisema. Siku moja aliniuliza kama ni kweli nilikuwa naendesha magari makubwa. Nikasema ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema kwamba huku pamba husubiri gari ghalani mpaka panya wanazaa ndani yake, sasa kama gari lingekuwa la mkwewe angalau angejua wa kumgombeza.

Jioni nilikuwa na darasa jingine. Kwetu magari hupita kulia mwa barabara, na kamyo ya baba usukani wake ulikuwa kushoto. Huku kila kitu ni kinyume. Mume wangu aliazima pikapu ya rafiki yake, tukaenda kwenye uwanja wa gulio siku zisizo na gulio. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatafuta gia, unagonga mlango. Nikitaka kutazama nyuma shingo inageukia upande ambao hauna kitu. Nilikuwa na hasira ambayo sikuitegemea. Ni sawa na mtu mzima kuambiwa ajifunze upya kutembea. Mume wangu, ambaye katika maisha yake yote amekuwa akitengeneza magari ya wengine na haendeshi vizuri, alikaa pembeni amejishika dashibodi kwa mikono yote miwili, akasema mara kwa mara, "Kushoto, mke wangu. Kushoto." Ilichukua muda, lakini mkono ukakubali. Nilipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya leseni ya hapa, askari wa usalama barabarani alinitaka nirudishe lori kinyumenyume katikati ya mapipa. Nililirudisha. Akaniambia nilitoe tena na kulirudisha tena, nadhani kwa ajili ya wenzake waliokuwa wamesimama kutazama. Nikalirudisha tena. Leseni nikapata.

Lakini leseni si mwajiri. Aliyenipeleka kwa mwajiri ni mama mkwe.

Mjini Bariadi kulikuwa na mjane mmoja, Msukuma wa hapa hapa, mnunuzi wa mpunga na mahindi, ambaye msimu wa pamba ukifika malori yake hukodiwa kusomba pamba kutoka kwenye maghala ya vyama vya msingi kupeleka jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba. Mama mkwe alimfahamu kwa sababu waliwahi kuimba kwaya moja walipokuwa wasichana. Siku hiyo alivaa vitenge vyake vya kanisani, akanishika mkono kama mtoto, tukaingia yadini. Walisalimiana kwa muda mrefu sana. Kisha mama akaanza kueleza habari zangu. Kwa wakati huo nilishakuwa nashika karibu nusu ya maneno, na nusu niliyoishika ilisema hivi: huyu anachuma pamba vibaya, lakini hasemi uongo.

Mjane alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Alisema, kwa Kiswahili sasa, kwamba ana malori matatu na madereva wawili, kwamba wa tatu amemfukuza kwa kuuza dizeli yake njiani, na kwamba amechoka na wanaume wanaojua kila kitu. Yuko tayari kuniombea kibali. Ila kwanza anione nikiendesha.

Nilirudi kwa ofisa kuuliza kama kupimwa ni kosa. Akasema mwenye gari akiwa ndani, gari likiwa tupu, mchana kweupe, hiyo haijawa ajira. Nikaondoka kwa mwendo wa harusi.

Tulikwenda Zagayu. Mjane alikaa kiti cha abiria, mkoba mapajani. Nilipotoka mjini nilikuwa nimeukaba usukani, lakini barabara ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo nilivyotulia, kwa sababu barabara mbaya ndizo nilizozaliwa nazo. Tulikuta ng'ombe wengi wakikata njia. Nikazima injini, nikasubiri, nikamwamkia mchungaji kwa Kisukuma, naye akaniitikia bila kushangaa. Tukavuka korongo lenye mchanga mwingi. Nilishuka kwanza nikaukanyaga kwa miguu, kisha nikapita kwa gia nzito bila kusimama. Nikaanza kujisifu moyoni, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Wakati wa kurudi tulifika kwenye njia panda, hakuna gari mbele, hakuna gari nyuma, hakuna cha kunikumbusha. Nikakata kona na kuingia kulia. Kulia kabisa, kama niko kwetu.

"Mayu," alisema mjane bila kupandisha sauti, "huku ni Tanzania."

Nikarudi kushoto. Jasho lilinitoka. Sikujitetea, sikusema jua lilinipiga machoni. Nilisema tu kwamba nimekosea, na kwamba barabara ikiwa tupu ndipo mazoea ya zamani yanaponivuta, kwa hiyo hapo ndipo inabidi nijichunge zaidi. Njia yote iliyobaki niliona kama narudisha gari la watu na ndoto yangu kwa pamoja. Tulipofika yadini alishuka, akaweka mkoba begani, akasema, "Umekosea na hukubisha. Kesho twende uhamiaji."

Kungoja kulikofuata kulikuwa na uchungu zaidi kuliko kule kwa kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa na cha kupoteza. Maombi yalikwenda yanakokwenda. Msimu ukafunguliwa. Malori mawili ya mjane yalianza kusomba pamba, la tatu likabaki limeegeshwa ukutani, matairi yake yanaota nyasi. Watu walimwambia amerogwa na Mrundi. Madereva wasio na kazi walikuja kila asubuhi kujionyesha. Nilimwendea mwenyewe nikamwambia kwamba akimpa mtu mwingine lile lori sitamlaumu. Alikuwa anapima mahindi. Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza kama nimeshafika kuangalia betri yake, maana gari likikaa sana betri hufa. Nikaenda kumwita mume wangu, akaiangalia betri.

Simu ilinikuta napepeta choroko. Alikuwa ofisa wa Tanga mwenyewe. Alisema, "Dada, njoo uchukue vyako. Vyote viwili vimetoka." Niliacha ungo pale pale, kuku wakajihudumia. Mama mkwe aliniona nakimbia akadhani kuna msiba, akaanza kunifuata huku analia, na ilibidi nirudi nyuma kumkumbatia na kumweleza kwa Kisukuma changu kibovu kwamba hakuna aliyekufa, mimi ndiye nimeruhusiwa. Neno la "kibali" sikulijua, nikasema wamenifungulia zizi. Alielewa. Alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje.

Pale ofisini yule ofisa alisimama kunipa mkono. Alisema amefurahi kwamba hakulazimika kuniandika kwa jambo jingine. Nikataka kumshukuru kwa maneno mazuri ya Kiswahili chake, maneno yakakataa, nikacheka tu kama mwehu.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa wa Lalago. Utingo wangu alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliyekuwa amefanya kazi na madereva wengi na hakuficha kwamba mimi ni jaribio. Ghalani wapakiaji walipoona anayeshuka mlango wa dereva ni mimi, walikaa juu ya magunia wakasema wanasubiri dereva. Nikawaamkia mmoja mmoja, "Mwangaluka," kama mama alivyonizoesha, kwa kuanzia mkubwa wao. Nikauliza habari za nyumbani, habari za ng'ombe, habari za mvua iliyokuwa haba. Salamu za huku ukizianza hakuna anayeweza kukuacha katikati. Zilipokwisha ilikuwa ni ajabu kuendelea kukaa. Mkubwa wao akainuka, akasema basi tupakie. Shehena ilipopanda juu nilipanda nayo, nikakagua kamba mwenyewe, upande mmoja nikaomba ukazwe upya. Ukakazwa.

Tulikuwa tumeshaiacha Maswa nyuma yetu, jua limesimama utosini, tairi la nyuma likapasuka kwa mlio uliotimua kanga porini. Gari liliyumba, nikaliacha likimbie kidogo, nikalileta pembeni taratibu. Nikafunga khanga kiunoni, utingo akatafuta mawe ya kuzuia magurudumu, mimi nikaanza nati. Malori mengine yalikuwa yanapita. Moja lilipunguza mwendo, likatazama, likaenda. La pili likasimama. Dereva wake nilikuwa namfahamu kwa sura; kila siku tulipishana mjini asinisalimie. Alikuta nati zote nimeshazilegeza na jeki iko mahali pake. Aliinama tu akashika upande wa pili wa tairi, tukaliinua pamoja. Alipomaliza kujifuta mikono aliniuliza nilifundishwa wapi. Nikasema kwa baba. Akasema baba yangu alikuwa dereva kweli kweli, akanitangulia kwa lori lake mpaka jineri, akipunguza mwendo kila penye kona ili nisibaki nyuma.

Mjane alikuwa getini. Alilizunguka lori lote, akaligonga lile tairi jipya kwa kisigino, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akaniambia nikale, kesho kuna mzigo mwingine.

Na mwisho wa msimu ule ikafika zamu ya Ngulyati. Pamba ya mama mkwe ilikuwa ghalani pamoja na ya majirani, na mimi ndiye niliyepangiwa kuifuata. Alikuwa ananingojea tangu asubuhi. Alisimamia upakiaji, akawagombeza wapakiaji, akanigombeza na mimi kwa kuegesha mbali. Mjane alikuwa ameshaniambia kwamba siku hiyo kiti cha abiria ni cha mama. Utingo akampisha, akahamia katikati, tukamsaidia kupanda. Mama hakuwahi kukaa juu kiasi kile. Kwanza alishika mlango kwa nguvu. Kisha tulipopita sokoni akaanza kuwaona watu anaowajua kutoka juu, akateremsha kioo, akawaita kwa majina, akawaambia wamtazame, yuko na pamba yake, na mwendeshaji ni mkwewe. Aliniamuru nipige honi. Nilipiga. Akaniamuru nipige tena, na nilipiga mpaka mjini.

Hivi sasa nimeshaendesha misimu kadhaa. Kibali huisha kikaombwa upya, na ukaazi wa kudumu bado nausubiri. Ofisa wa Tanga alihamishwa, aliyemrithi naye hunipokea vizuri. Sijaacha kujichunga barabara inapokuwa tupu.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye foleni ya jineri, malori yamepangana mpaka barabarani, nami nimekaa kwa mama ntilie na madereva wenzangu tunakunywa chai. Akaja dereva mgeni, kijana wa Mbeya, ameletwa na lori la kukodiwa, njia za huku hazijui. Alikuwa anatakiwa kwenda kubeba Zagayu na ameambiwa korongo limeliwa na mvua. Alitutazama sote, akanichagua mimi, labda kwa sababu nilikuwa nabishana Kisukuma na muuza maandazi.

"Samahani, mama," alisema. "Nyie wenyeji mnapitaga wapi?"

Yule dereva aliyewahi kunishikia tairi alifungua mdomo kumsahihisha. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Kisha nikamsogezea kijana kiti, nikachukua kijiti, nikamchorea njia mchangani.